Abiria wa Ishirini na Mbili

Nyumbani kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, siku huanza na ndoo. Jua halijatoka, mimi niko kwenye foleni ya maji. Mama yetu, Albertine, anawasha mbabula, jiko la makaa, na mdogo wangu Fils anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti inayoamsha mtaa mzima, hata wale wasiokwenda kanisani. Agosti iliyopita nilikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa na saba. Jina langu ni Abigaël, na ninayoyaeleza hapa niliyafanya mimi mwenyewe.

Mjomba wetu, tonton Symphorien, anafundisha jiografia katika shule moja ya mtaa wa jirani uitwao Kenya. Watu wa umri wake wanajenga nyumba, yeye anatembea. Kila likizo huweka begi mgongoni na kuondoka kwa basi la bei nafuu kuliko yote, analala kwenye mabenchi ya parokia na kujipikia bukari, ugali wetu, kwenye mafiga matatu.

"Weye, Symphorien, utaoaka begi," mama humtania.

Mwaka huo alikubali kutuchukua. Siku kumi, visiwa vinne vya ziwa Moero, kwa basi na boti. Alipokagua begi langu alitoa nguo tatu akazirudisha kwa mama. "Begi yenye hauwezi kukimbia nayo, ile haiko yako," alisema.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kumwambia Syntiche, ninayekaa naye dawati moja.

"Visiwa bine?" Syntiche alicheka. "Weye mwenye haujafika hata Kasumbalesa?"

Kicheko kile sikukisahau. Nilijiapia kwamba nikirudi nitamtajia visiwa vyote vinne, kimoja kimoja, mbele ya darasa zima.

Basi la Kasenga lilitutikisa siku nzima katika vumbi jekundu. Kutoka hapo tukaingia kwenye boti, tukateremka na mto hadi ziwani. Sitaki kuwadanganya, nimeshadanganya vya kutosha: siku saba za kwanza zilikuwa nzuri. Tuliona visiwa vitatu. Tulikula samaki wa kuchoma na mayai ya kuchemsha, na kila jioni tonton alichemsha maji ya kunywa ya kesho yake huku akituchorea ramani mchangani.

Siku ya nane tulifika kwenye kituo kidogo cha boti. Tonton alikwenda kuomba moto kwa akina mama ili achemshe maji. "Abi, uende kwa ile meza," aliniagiza. "Uandikishe majina yetu yote tatu."

Mezani alikaa kijana mmoja mpole, Alexis, mwenye kazi ya kuandika orodha ya abiria na kugawa jaketi za kuelea, ambazo watu huziita jile.

"Nafasi zimebakia mbili," aliniambia. "Boti inabeba bantu makumi mbili na moja, hatupitishe. Boti ingine iko kesho kutwa."

Kesho kutwa tonton alitakiwa kuwa njiani kurudi Lubumbashi. Kusubiri maana yake kisiwa cha nne kilikuwa kimekufa. Akilini nilimwona Syntiche akicheka.

"Na batoto badogo?" niliuliza.

"Mutoto wa mugongo hatumuandikake."

Nilimkuta Fils nyuma ya vichanja vya samaki. Nilichukua kitenge alichonipa mama, nikamwinamia.

"Panda. Fumba macho, ujifanye unalala."

"Juu ya nini, yaya?" aliuliza sababu; kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Tunacheza."

Fils alikuwa mwembamba. Nilimfunga mgongoni kama mtoto mchanga, nikakunja miguu yake ndani ya kitenge, nikarudi mezani. Alexis aliinua macho.

"Hii mutoto iko na miaka ngapi?"

"Ine," nikasema, nikimpunguzia miaka mitatu.

Aliitazama ile miguu kidogo. Lakini nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana na mizigo, naye akainamisha kichwa, akaandika majina mawili, langu na la tonton, na kunipa jile mbili.

Tonton aliporudi, nilikuwa nimeshamfungua Fils, na watu walikuwa wameshaanza kupanda. "Umetuandikisha bote?"

"Ndiyo, tonton."

"Na jile ya Fils?"

"Za batoto zimekwisha."

Ona jinsi uongo unavyozaa haraka. Wa kwanza haujakauka, wa pili huo hapo. Tonton hakuuliza zaidi. Alivua jile yake, akamvalisha Fils na kufunga mafundo mawili. Nilimwona akifanya hivyo, nami nikavaa yangu. Boti lilikuwa bado limefungwa kwenye mti, na ningeweza kusema.

Fils hakuwa na nafasi kwenye benchi, kwa hiyo nilimpakata. Baada ya saa moja miguu yangu ilikufa ganzi. "Nenda ukakae kule mbele, kwa magunia, chini ya turubai," nilimwambia. "Kule hakuna upepo." Alikwenda bila kubisha. Nilimwona akijikunja kati ya magunia ya unga, akalala.

Mchana upepo wa Agosti ukachafuka. Mawimbi yalituzidi, nahodha akageuza boti kukimbilia kisiwa kilichokuwa karibu, na hapo, mbele ya matete, tukagonga mwamba uliofichwa na maji. Mbao zilipasuka. Boti lililala ubavu, sote tukamwagika. Maji yalimfika mtu mzima kifuani. Ubao mmoja ulimpiga tonton kichwani, akazama, wanaume wawili wakamvuta. Yeye ndiye pekee kati ya watu wazima ambaye hakuwa na jile.

Wavuvi wa kisiwa walikuja upesi na mitumbwi. Waliojeruhiwa walichukuliwa kwanza. Tonton alilazwa katika mtumbwi wa mbele, na kando yake niliona mtoto mwenye sweta la kijivu amepakatwa na mtu. Fils alikuwa na sweta la kijivu. Nilimshukuru Mungu, nikatembea majini pamoja na wengine hadi ufukweni, bila hofu yoyote.

Mchangani Alexis, aliyekuwa nasi botini, alitoa orodha yake iliyolowa, akaita jina moja moja. Kila jina lilijibiwa, na waliotangulia na mitumbwi walitajwa na wenzao. Alihesabu mara mbili.

"Makumi mbili na moja!" alisema huku analia. "Bote beko!"

Watu walipiga magoti. Mama mmoja alianzisha wimbo wa shukrani, sote tukaimba, na mimi niliimba kwa nguvu. Wimbo ulikuwa mrefu. Wavuvi waliivuta mitumbwi yao juu ya mchanga, maana jua lilikuwa limeshuka na ziwa lilizidi kuchafuka.

Baadaye ndipo nilipokwenda kwenye kanisa dogo walikolazwa majeruhi. Yule mtoto wa sweta la kijivu aligeuka. Alikuwa msichana. Tonton, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu, alifungua jicho moja.

"Fils iko wapi?"

Nilirudi ufukweni mbio, nikapiga kelele kwamba ndugu yangu hayupo. Watu walinizunguka kwa huruma.

"Mwanangu, uko na woga tu," mzee mmoja alisema. "Hesabu imetimia."

"Mi nilihesabia bote," Alexis alisema. "Angalia karatasi."

Hapo nilielewa nililolifanya. Watu wote wale wema walikuwa wamekaa kwa amani kwa sababu karatasi iliwaambia wakae. Ili mtu mmoja asogee, ilinibidi niseme mbele yao wote.

"Hayuko kwa karatasi," nilisema. "Nilidanganya. Haiko mutoto wa mugongo. Iko na miaka saba. Nilimufunga na kitenge ili tupate nafasi. Alikuwa mbele, chini ya turubai."

Hakuna aliyenitukana. Alexis alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa mchangani. Mama mmoja mvuvi, mama Mwelwa, mwenye mabega kama ya mwanamume, alikuwa ameshaanza kuusukuma mtumbwi wake.

"Jua inabakia kidole kimoja," alisema. "Mwenye kuweza kupiga kasia aingie. Na weye mutoto, ingia. Utamwita jina."

Niliita. Niliita hadi sauti ikakauka. Pale mwambani boti halikuwepo tena. Upepo ulikuwa umelisukuma nyuma ya kisiwa. Tulikizunguka kisiwa tete hadi tete. Nilikuwa naomba, na katika kuomba kwangu sikuthubutu kutaja kisiwa cha nne, wala Syntiche, wala adhabu. Nilitaja jina la Fils tu.

Tulilikuta limezama nusu, pua yake imenasa kwenye matete. Mama Mwelwa alikata turubai kwa kisu. Fils alikuwa chini yake, maji yamemfika kidevuni, mguu umebanwa na magunia ya unga yaliyolowa na kuwa mazito. Ile jile ya tonton ndiyo iliyokuwa imekishikilia kichwa chake juu. Midomo ilikuwa ya kijivu. Macho yalikuwa wazi, yakanifuata.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na maji ya ziwa yalikuwa yameingia kifuani. Safari ya kurudi, boti kisha basi, sitaki kuieleza. Shule zilifunguliwa Septemba, na Fils alikuwa bado hospitalini hapa Lubumbashi, akikohoa usiku na mchana. Tonton alipona, ila sikio moja halisikii tena. Syntiche hakuniuliza habari za visiwa hata mara moja.

Mama nilimweleza mwenyewe, yote, tangu mezani. Nilitaka anipige. Hakunipiga.

"Ingia umuambie Fils," alisema. "Asisikie kwa mutu mwengine."

Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia kwamba haukuwa mchezo, kwamba nilisema ana miaka minne ili asiandikwe, na kwa sababu hakuandikwa hakuna aliyejua kama amebaki majini. Fils alisikiliza akiangalia dari.

"Nilisikia munaimba," alisema kwa sauti yake mpya, ya kukwaruza. "Nikasema, wakimaliza wimbo, watakuja. Mukamaliza. Hamukuya."

Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje. Mama alinifuata kwenye ujia, akakaa nami sakafuni, ukutani, kama wagonjwa waliokosa nafasi.

"Ule Alexis alifanya kazi yake muzuri," alisema polepole. "Bantu bote benye kuandikwa balifika. Ile ndiyo kintu kinanitetemesha, Abi. Weye ulitaka tu nafasi ya boti. Lakini ukimutoa mutu mu hesabu, unamutoa pia mu macho ya bantu bema. Hata bema hawawezi kutafuta mutu mwenye umebaficha."

Nilisema nisamehe, mama. Alinifuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Mi nitakusamehe, miye mama yako. Uongo unasemwa na mutu moya, mara mingi inalipwa na mwengine mwenye hakuulizwa. Ndiyo sababu tunasema kweli, hata siku yenye kweli inatunyima nafasi. Tungelala siku mbili kwa ule mchanga, sasa tungekuwa nyumbani."

Ndani Fils alianza tena kukohoa, na mama akanyanyuka kwenda kumshika kifua.