Mkate Ulioelea Mferejini

"Hebu nitazame usoni, bibi harusi! Huko kwenu mlifundishwa kutupa mkate mferejini?"

Sauti ya Shangazi Hurriyat ilifika mwisho wa mtaa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji unaopita mbele ya malango yote, ameshika kwa mikono miwili mkate uliolowa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Mbele yake alisimama Shahlo, aliyeolewa nyumba ya jirani mwezi uliopita, ndoo mkononi, macho chini.

"Si wangu, shangazi," alisema Shahlo kwa sauti ndogo.

"Si wako! Basi umeshuka na mvua? Maji yanatoka upande wenu. Huko juu kuna nyumba mbili tu, yenu na ya Mukarram. Na Mukarram hawezi kutupa mkate hata akiwa na homa. Tena leo! Leo wakwe wanakuja kuvunja mkate wa binti yangu Nozima, nami nakuta mkate unaelea kama kiatu kibovu!"

Hurriyat aliubusu ule mkate kwa heshima, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kisha akauweka juu ya ukuta ambako hakuna mguu wa kuukanyaga. Majirani wawili walikuwa wameshatoa vichwa malangoni. Shahlo alichota maji, akarudi kwao. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Nyuma ya lango la nyumba ya Mukarram alisimama Oydin, msichana wa darasa la sita, unga umemkaukia vidoleni. Aliona yote kupitia ufa wa mbao. Mkate ule ulikuwa wake.

Mama yake, Mukarram, alikuwa ameombwa kuoka mikate miwili ya uchumba. Wazee wa pande mbili wakishaivunja, neno limefungwa. Nozima ana mchumba, na hakuna wa kurudi nyuma. Hurriyat alimchagua Mukarram kwa sababu mikate yake ilikuwa haina mfano mtaani. Lakini wiki iliyopita Mukarram alikuwa juu ya mforosadi, akikata matawi ya kulisha viwavi wa hariri, tawi likamkatikia. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu.

"Nitaoka mimi," Oydin alikuwa amesema, kifua mbele. "Nimekuona ukioka tangu nizaliwe."

"Kuona si kuoka," alijibu mama. Lakini alimkubalia.

Asubuhi hiyo mama alikwenda zahanati kuangaliwa mkono, naye Oydin akaanza kazi peke yake. Kila kitu kilikwenda kombo. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha mabua ya mpamba waliyokuwa wakiwashia tanuri, na moto ukatoa moshi mwingi kuliko joto. Bakuli la maziwa ya kupaka juu ya mikate lilimponyoka likapasuka. Mwishowe alivaa glavu ndefu ya pamba inayozuia joto, akainama kwenye mdomo wa tanuri, akabandika mikate minne kwenye ukuta wa ndani. Kabla hajageuka alisikia kishindo laini. Kisha kingine. Yote minne ilikuwa imebanduka na kulala kwenye majivu, imejikunja kama masikio ya punda.

Oydin aliitoa kwa koleo. Ilikuwa myeusi upande mmoja na mibichi upande wa pili. Mama angerudi wakati wowote. Akawaza tawi lililokatika, mvua, bakuli, na sasa hii. Nyumba yetu imeingiwa na mkosi, akajiambia, na mkosi wenyewe ni mimi. Alizoa mikate yote kwenye aproni, akakimbia langoni, akaimwaga mferejini. Mitatu ilizama. Mmoja ulielea na kwenda zake, taratibu, kuelekea kwa Shangazi Hurriyat.

Ndipo mayowe yakaanza.

Mama alirudi Hurriyat akiwa ameshaingia ndani kwake. Alitazama uso wa bintiye, akatazama tanuri, akatazama meza tupu.

"Mikate iko wapi?"

"Imeanguka, mama. Yote."

"Iliyoanguka iko wapi?"

Oydin alitazama vidole vya miguu yake. "Nimewapa kuku."

Mama alisogea tanurini. Aliinamisha kichwa kwenye mdomo wa tanuri, akanusa, akapitisha kidole cha mkono mzima ndani ya mdomo ule. Kidole kilitoka cheusi.

"Ulibandika ukuta ukiwa na rangi gani?"

"Sikumbuki."

"Mweusi. Umebandika mkate kwenye masizi, Oydin. Masizi hayashiki kitu. Unangoja mpaka moto uyale masizi yote na ukuta ugeuke mweupe, halafu unaunyunyizia maji ya chumvi. Umefanya hivyo?"

"Nilikuwa na haraka. Halafu kuni ziliniharibikia. Tuna mkosi, mama! Wewe umevunjika mkono, mvua imenyesha, bakuli limepasuka..."

"Mvua imenyesha mtaa mzima," mama alimkata. "Kuna aliyevunjika mkono kwa sababu ya bakuli lako? Tawi lilikuwa limeoza, na mimi sikulikagua. Kuni zimelowa kwa sababu hatukuzifunika. Mkate umeanguka kwa sababu ya masizi. Mkosi umeingilia wapi hapo? Mambo matatu mabaya yamefuatana, basi. Hata magari hufuatana barabarani. Donge limebaki?"

"Nusu."

"Linatosha. Nenda kwenye kibanda cha viwavi ukachukue matawi makavu ya mforosadi. Acha kulia, machozi yanamwagika kwenye unga."

Walianza upya. Mama alikaa kwenye kigoda, mkono wa plasta pajani, akitoa amri kama kocha wa mpira. Oydin alilisha moto. Ukuta wa tanuri ulikuwa mweusi, kisha ukawa na madoa, kisha polepole weupe ukapanda kutoka chini hadi juu. Alitamani kubandika weupe ulipofika nusu. "Bado," alisema mama. Akatamani tena. "Nimesema bado."

Weupe ulipofika mdomoni, Oydin alisogeza makaa katikati, akarusha maji ya chumvi, ukuta ukachachatika. Alitanua madonge, akatoboa katikati kwa kigongo cha misumari midogo, akanyunyiza habasoda. Alilowesha mgongo wa mkate wa kwanza, akainama kwenye joto lililomchoma nyusi, akaupiga ukutani.

Ulishika.

Wa pili ulishika. Wa tatu ulining'inia kidogo, ukaanguka majivuni.

"Ona!" Oydin alilia. "Nilijua!"

"Ulijua nini? Umesahau kuulowesha mgongo. Bandika wa nne."

Wa nne ulishika. Haukupita muda mrefu, ua mzima ukanukia. Oydin alitoa mikate mitatu ya duara, myekundu kama mashavu ya mtoto mchanga, na ule mmoja ulioungua. Mama alichagua miwili iliyo mizuri zaidi, akaifunga kwenye kitambaa cheupe.

"Huo wa majivu tutaukwangua tule na chai," alisema. "Vaa skafu safi. Unaipeleka mwenyewe, nami nakufuata."

Oydin alipaswa kufurahi. Lakini kila alipofumba macho aliyaona masikio mekundu ya Shahlo.

Nyumbani kwa Hurriyat wageni walikuwa wanaanza kufika. Wanawake walipanga vyungu vya wali wenye karoti, na wazee walikaa juu ya magodoro ya ukumbini. Hurriyat alifungua kitambaa, akashangaa kwa sauti.

"Jamani njooni mwone! Mukarram, hii umeioka wewe kwa mkono wa kushoto?"

"Ameoka Oydin," alisema mama.

"Huyu? Huyu mtoto?" Hurriyat alimshika Oydin kidevu, akamgeuza kwa wageni kama anayenadi tikitimaji. "Tazameni mikono hii! Darasa la sita! Na yule mke mpya pale jirani, mtu mzima na pete kidoleni, mikate inamshinda mpaka anaitupa mferejini. Mchukue Oydin akufundishe, nitamwambia!"

Wanawake walicheka. Mmoja alimtilia Oydin zabibu kavu mkononi. Zabibu zilimnata kiganjani, na uso ukamwaka kuliko alipokuwa ameinama kwenye tanuri. Mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa hajatabasamu hivyo tangu aanguke. Angenyamaza tu, jambo lingekwisha. Wageni wangekula, Nozima angechumbiwa. Na kesho Shahlo angekwenda tena kuchota maji akiwa ameinamisha kichwa, na kesho kutwa vilevile.

Oydin aliziweka zabibu juu ya meza.

"Shangazi, ule mkate ni wangu."

"Ndiyo, mpenzi, ni wako, umeoka vizuri—"

"Ule wa mferejini. Asubuhi mikate yangu iliangukia majivuni, nikaogopa. Niliitupa mimi. Nilikuwa nyuma ya lango ulipokuwa unamgombeza dada Shahlo. Nilisikia yote, nikanyamaza."

Vijiko viliacha kugonga vyungu. Tabasamu la mama lilitoka usoni kama lililofutwa kwa kitambaa.

"Uliniambia umewapa kuku," alisema mama polepole.

"Nilisema uongo."

Oydin alitamani ardhi immeze. Hurriyat alikaa chini kwenye ngazi, mikono magotini, akapumua kwa nguvu.

"Mimi nami," alisema mwishowe, "nikapiga kelele mpaka mbuzi wakanisikia. Sikumwuliza hata swali moja la maana yule binti." Kisha akamtazama Oydin kwa jicho kali. "Umeniaibisha mbele ya wageni wangu, unajua?"

"Najua, shangazi. Kama hutaki mikate yangu, nitairudisha."

Hurriyat aliinuka, akaifunika mikate miwili kwa kitambaa chake, akaiweka mbele ya wazee.

"Mikate haina kosa," alisema. "Kilichotokea kwa sauti mtaani kitasawazishwa kwa sauti mtaani. Twende, sisi wawili. Wakwe watasubiri chai ipoe."

"Watatu," alisema Mukarram. "Huyu ni wangu."

Walitoka. Njiani mama alimshika Oydin bega kwa mkono wake mzima, na hakumshika kwa upole.

"Sikiliza, maana sitarudia. Mkate kuanguka ni jambo la kila siku. Utaangusha mingi. Utafeli hesabu, utavunja mabakuli, mvua itakunyeshea siku uliyofua. Hayo hayanitishi hata kidogo, na wewe yasikutishe. Kunapokucha tunawasha tena tanuri. Lakini ukikiona kibaya kimekufika, usikitupe mlangoni kwa mwenzako. Ukianguka mkate kesho, njoo uniambie umeanguka. Tutaukwangua. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Futa pua."

Hurriyat alikuwa ameshagonga lango la jirani kwa ngumi. "Shahlo! Toka, binti yangu! Toka na mama mkwe wako asikie!"

Shahlo alitoka akiwa amekunja mikono ya gauni, uso umejaa woga. Oydin alisogea mbele kabla miguu haijamgomea. Alisema yote tena, kwa sauti ya kufika malango mengine, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa alikuwa akimtazama mwenye masikio yale.

"Nilijua," alisema Shahlo.

"Ulijua?" Hurriyat alishtuka. "Mbona hukusema?"

"Nilimwona akikimbia na aproni." Shahlo alimwangalia Oydin, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Juzi mikate yangu nayo ilianguka, mitano. Niliila yote kabla mama mkwe hajarudi sokoni. Tumbo limeniuma mpaka leo. Nikasema, ngoja, huyu naye ana siku yake mbaya."

Kutoka ndani ya ua sauti ya mama mkwe iliuliza, "Mitano?" na Shahlo akajifunika mdomo. Hurriyat alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamkumbatia yule binti, akamwomba radhi mara mbili, kwa sauti ileile kubwa ya asubuhi.

"Ukuta wa tanuri lazima uwe mweupe, dada," Oydin alimnong'oneza Shahlo. "Mweupe mpaka mdomoni. Na usisahau kulowesha mgongo."

"Kesho njoo tuoke wote."

"Nitakuja."

Wazee walikuwa wanaita. Mikate ilikuwa inangoja kuvunjwa. Hurriyat alimshika Shahlo mkono wakaenda pamoja. Oydin alibaki nyuma kidogo. Ukutani, palepale Hurriyat alipouweka, ule mkate wa asubuhi ulikuwa bado umekaa, mweusi upande mmoja, shomoro wakiudonoa. Alijinyoosha kwa ncha za vidole, akauteremsha kwa mikono miwili, akaubusu mbele ya kila aliyekuwa akitazama, akaubeba kwenda nyumbani kumlisha ng'ombe.