Papa, Docteur wa Ubongo, Alinikana Mbele ya Wanafunzi Wake

Ilianza siku ya posho, samedi, saa ine ya asubui, hapa kwetu Bunia, mu kiwanja ya faculté ya médecine, pale wanafundisha madocteur. Niko binti wa miaka kumi na sita. Niko mutu wa haya, hata mu classe naogopa kunyanyua mukono. Lakini leo nitasema yote…

Papa yangu ni docteur wa ubongo. Yeye njo doyen, mukubwa wa ile faculté. Wenzake wa masomo walibakia Ulaya, yeye akarudia huku kwetu Ituri juu ya kifafa yenye inasumbua watoto mu mavillage. Nilipokuwa mudogo, alikuwa anakata shu, ile kabichi, katikati mu cuisine, ananionyesha, ananiita mama: "Angalia, mama, ubongo njo iko hivi." Nilimupenda sana!

Kisha kifafa ikanishika mimi. Mungu wangu… kwa nini mimi?

Mama yangu alishakufa, Tate, mama yake Papa, njo anatulea mimi na wadogo zangu. Akaninunulia sahani nyekundu, yangu peke, juu watu wa kwetu wanaamini kama mate ya mutu wa kifafa inaambukiza. Papa kila siku anafundisha kama ile ni uongo. Lakini ku meza alinyamaza! Akanipa dawa kwa siri. "Wakikuuliza, sema ni ya malaria." Nikakubali. Walikuwa wanataka kumuweka rector, mukubwa wa université nzima. Mimi njo nimuharibishie?

Ile posho, wanawake majirani walijaa mu cuisine kupika chakula ya wageni wenye watakuya ku faculté kusikia mafundisho ya Papa juu ya kifafa. Dawa yangu ilikuwa pale. Niliona haya kuimeza mbele yao. Nikatoka bila kuinywa…

Ku faculté nilikuwa nagawia wageni sucré, soda za chupa. Papa alikuwa mbele, anasema kwa nguvu: "Kifafa haiambukizi! Mutu akianguka, musiogope kumugusa, mumulaze na ubavu!" Watu wakapiga mikono. Na mimi… nikaanguka.

Nilipofungua macho, kichwa yangu ilikuwa mu mapaja ya mwanafunzi mumoja, binti. Povu yangu ilikuwa ku pagne yake, kitenge yenye alivaa. Alikuwa ananipanguza bila kuogopa, vile Papa alimufundisha.

"Doyen, huyu si mutoto yenu?" akauliza. "Sura ni yenu kabisa."

"Hapana," Papa akajibu. "Ni mutoto wa ule mama mwenye anatupikiaka."

Ee! Nilisikia vizuri, lakini ulimi haikuwa na nguvu. Mutu mwenye alinizaa!

Jioni nilimulilia. Akasema kama watu watacheka, docteur wa ubongo ameshindwa mu nyumba yake! Nani atamuletea tena mugonjwa? "Nivumilie kidogo, mama. Wakiisha kuniweka rector, siye wawili tutaambia watu yote."

Tate akadakia: "Na weye, haungeweza kuangukia nyumbani?"

Kama Papa hanijui, mimi ni wa nani?

Wandugu wasomaji, nawaomba, musikubali kufichwa, hata na mutu mwenye munamupenda. Nilizani ninalinda jina ya Papa. Kumbe nilikuwa namusaidia kunifuta! Na ninyi wazazi… kifafa tunaweza kuivumilia. Kukanwa, hapana!

Kesho yake, asubui ya yenga, mbele ya kuenda kanisa, walikuwa wanakula mihogo na maharagi mu sahani moja kubwa, Papa, Tate na wadogo zangu. Niliacha ile nyekundu ku cuisine. Nikanawa mikono, nikakaa karibu na Papa, nikaingiza mukono mu sahani yao.

"Yo!" Tate akalia. "Mutoto iko natuua siye wote! Docteur, sema kitu!"

Mukono ya Papa ilisimama juu ya sahani… kisha akairudisha ku magoti.

Wadogo zangu wakamuangalia, nao wakaacha.

Nikakula. Machozi ilikuwa inaangukia mu maharagi, lakini nilikula, nikimuangalia mu macho.