Mawimbi ya Séphora

Siku tatu treni ya Lubumbashi haikuonekana. Askari walikuwa wamechukua mabehewa kwenda vitani. Stesheni ya Kamina ilijaa watu na magunia. Séphora Ngoie, mwalimu wa fizikia, alikuwa amemsindikiza shangazi yake. Alikaa juu ya sanduku, liputa lake la manjano likimfunika hadi miguuni, akipiga hesabu daftarini. Kijana mwenye shati jeupe akainama begani kwake.

"Samahani, mama mwalimu. Hapa alama ya kutoa imepotea."

"Na weye ni nani, wa kusoma daftari ya bantu bengine?"

"Éliézer Muteba. Minyi ni assistant ya mathématiques kule université. Vita imenifunga hapa."

Séphora akatazama tena. Kweli, alama haikuwepo. Akacheka kwa hasira.

Miezi minne walikutana kila jioni katika darasa tupu. Séphora alikuwa akitafuta namna galaksi nzito inavyopinda mawimbi ya uvutano, hata wimbi moja likatufikia kwa njia mbili, la pili likichelewa. Ukijua limechelewa kiasi gani, unaweza kuipima galaksi yenyewe.

"Chérie, hayo mawimbi hakuna muntu ameyapata bado," Éliézer alimtania. "Unapika nyama ingali porini."

"Siku itafika, sufuria yangu itakuwa moto."

Treni ilipopatikana, Éliézer alipeleka daftari la Séphora Lubumbashi, kwa profesa wake, lichapwe. Baada ya miezi mitatu mchungaji mmoja akaleta jarida la chuo. Kurasa kumi na moja, hesabu zote za Séphora. Majina mawili: la profesa na la Éliézer. Lake halikuwepo.

Alikwenda moja kwa moja kwenye fonia ya misheni, redio ya kuongea na Lubumbashi.

"Éliézer! Jina yangu iko wapi? À toi!" Akaachia kitufe, zamu ya Éliézer kujibu.

"Chérie, jina yako... minyi..." Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Séphora akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo jibu.

"Mwizi!" alipiga kelele mbele ya watu wote, akatoka.

Wiki ya sita, Éliézer alisimama mlangoni pa darasa lake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Bukama, treni ilikokomea, kwa baiskeli.

"Nilikuwa nimeandika jina yako mbele ya yetu yote. Profesa njo aliifuta. Niliona kisha jarida kuchapwa. Nilimuambia atoe na yangu, akanifukuza kazi."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema: mwanamuke, mwalimu wa Kamina, nani atamuamini?"

Séphora akaufuta ubao wote. Hasira haikumtoka, ilimwacha Éliézer tu, ikamgeukia profesa, ikazidi.

"Sina kazi tena, Séphora. Lakini nilikuja kukuomba tuoane."

"Minyi nakubali. Sasa kaa. Kamata bic."

Siku ile waliandika barua kumi na mbili kwa vyuo kumi na viwili: *Hesabu hizi ni za Séphora Ngoie, zilifanywa Kamina, 1998.* Madereva wa malori walizibeba. Desemba wakafunga ndoa.

Hakuna chuo kilichojibu. Kila Januari Séphora alizinakili upya, zote kumi na mbili, azitume tena, na Éliézer akakaa kando yake akikagua alama za kutoa.