Makochi Kwenye Korido ya Umbilo

Wewe unayesoma, ulishaona wapi mtu akitandika matanga kabla habari ya kifo haijamfikia?

Diwani Sébastien alikutwa asubuhi na mfagizi, kifudifudi, katika ofisi ya Umoja wa Madiwani Wahamiaji, jengo la baraza la jiji, Durban. Soksi ya kushoto imetoboka kisigino. Chai yake haikuguswa. Kando yake kengele ya shaba, ile ya uenyekiti wake, ina damu na nywele.

Umoja huo ni wa madiwani Wakongo na Watanzania waliopata uraia. Waliapa kupiga kura kama mkono mmoja, na mwenyekiti ndiye aliyechagua nani aseme barazani kwa niaba yao. Mchana wa siku hiyohiyo baraza lilikuwa liamue kama saluni na vibanda vya wageni vifungwe.

Inspekta Doris Mthembu, ambaye mama yake ni Mtanzania, alivaa glavu akainama.

"Pigo moja, kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Mlango haukuvunjwa."

"Alama za vidole?"

"Mpini umepanguswa."

"Basi alimpa mgongo mtu anayemwamini. Habari isitoke humu! Mfagizi akae na askari. Dada wa marehemu nitamwambia mwenyewe."

Dada huyo, Julienne, alikuwa diwani mwenzake, mwenye saluni, akikaa kwenye fleti mtaa wa Umbilo. Doris alipofika na askari mmoja alikuta korido imezibwa: makochi yamepandana, meza miguu juu. Prodige, jirani fundi simu, amekwama mlangoni kwake.

"Eish! Inspekta, mimi napita wapi? Niruke kama paka?"

"Anahama?"

"Kuhama nini! Sisi Wakongo tukitoa viti hivi, iko matanga. Watu wanakaa chini. Nani amekufa?"

Doris alimtazama. Akapenya kati ya makochi.

Sebule ilikuwa tupu. Mkeka, godoro moja. Julienne amekaa chini, kitenge kiunoni, miguu ameinyoosha.

"Mama Julienne, umefiwa na nani?"

Julienne alikaza kitenge.

"Nakuuliza! Sijakuambia kitu mimi. Viti umetoa kwa ajili ya nani?"

"Ya mdogo wangu." Sauti ilikwaruza. "Nilishindwa kukaa kwenye kiti. Nimemlea mimi. Marehemu mama angenilaani."

"Ukampiga kengele kichwani, halafu ukaja kumtandikia matanga?"

"Nani mwingine atamlilia? Wale wakubwa waliomwahidi unaibu meya?" Alipiga mkeka kwa kiganja. "Mlango kwa mlango niligonga mimi, Umbilo mpaka Cato Manor, mvua inaninyeshea: chagueni mdogo wangu! Jana akaniambia atakubali tufungiwe saluni. Nikasema, basi nipe nafasi, niseme mbele ya baraza. Akacheka. 'Yaya, dada yangu mkubwa, Kingereza chako ni cha kusuka nywele. Kaa chini.' Akagonga kengele, kama anafukuza kuku. Akanigeuzia mgongo."

"Ungevunja kiapo cha Umoja, upige kura ya hapana!"

"Kura haina mdomo!"

Hasira ilimpanda Doris mpaka masikioni. Mama yake mwenyewe aliuza mitumba kwenye kibanda.

"Sikiliza, mama. Yeye angesema ndiyo, wewe hapana. Leo hapana yako itakaa selo. Umemuua ndugu yako, na wenzako umewapunguzia kura. Simama!"

Julienne alisimama kwa shida, akatoa mikono mwenyewe. Pingu zikalia.

Koridoni watu wa fleti walishajaa. Prodige alikuwa anasukuma kochi wapite.

"Yaya Julienne," aliita, "ulitaka nini kwake, yaya? Nini?"

Askari alimvuta mama kwa pingu. Julienne akagoma, akaegemea makochi yake, akapaza sauti mpaka ghorofa ya juu ikasikia.

"Nilitaka nisimame pale mbele yao, niseme kwa mdomo wangu: mimi ni Julienne, nasuka nywele Umbilo Road, msinifungie mlango!"