Majoho Ishirini ya Jumamosi

Leo ni Alhamisi, na kwaya ya watoto inayataka majoho Jumamosi asubuhi. Ishirini! Yaliyokwisha ni manne. Cherehani zinaunguruma, mdogo mtu anashona pindo huku akiimba. Kumbe nyuma yake dada yake, fundi mwenye duka, ameshika wembe. Anafumua!

"Dada! Hilo si nimelimaliza sasa hivi?"

"Pindo limepanda. Nimepima kwa rula."

"Limepanda kiasi gani?"

"Unene wa sindano."

"Jamani! Nani atampima mtoto anayeimba?"

"Mimi."

Mdogo mtu alichoka. Dada ana orodha ya kazi, na orodha ya orodha. Akitoka ibadani Jumapili hapumziki, anarudi dukani. Vitambaa chakavu vimefika dirishani, hatupi hata kimoja. Wasaidizi watatu wamemkimbia.

"Leo na mimi naondoka," akasema, akivua futi ya kupimia shingoni.

Mlangoni akagongana na nesi jirani, wa kitengo cha afya ya akili, aliyefuata sare yake.

"Kulikoni, majirani?"

"Nesi, mwambie huyu kazi nzuri inataka uangalifu!" fundi akasema.

"Uangalifu ni neema, dada. Lakini ukizuia kazi isiishe, umekuwa mzigo."

"Unaniona mgonjwa wa akili? Mimi sinawi mikono mara hamsini!"

"Hilo ni jambo jingine. Anayenawa hivyo huteswa na mawazo asiyoyataka. Wengine huona njia yao ndiyo pekee iliyo sawa. Wanataka kila kitu kiwe kamili, hawaamini mkono wa mtu, hawapumziki. Huanza ujanani, hudumu miaka. Tabia hiyo ikiharibu kazi na undugu, wataalamu huiita tatizo la haiba, yaani la hulka ya mtu. Si dhambi wala pepo. Kama unalo, siwezi kusema nikiwa mlangoni. Njoo kliniki tuzungumze. Mazungumzo husaidia."

Fundi akauweka wembe mezani. Kisha akasema polepole, "Akishona mwingine, kifua kinanibana. Na watoto watavaa nini?"

"Basi anza leo. Joho likimtosha mtoto na mshono ukishika, limekwisha. Hiyo rula nipe mimi."

Nesi akaitia mkobani! Mdogo mtu akacheka, akarudi kitini. Cherehani zikalia. Ijumaa adhuhuri, majoho kumi na mawili. Jioni, ishirini!

Jumamosi watoto waliimba mpaka wazazi wakasimama. Fundi akamnong'oneza mdogo wake:

"Yule wa tatu, pindo limepanda."

"Nimeliona, dada."

"Basi piga makofi!"

Wakapiga mpaka viganja vikawaka. Fundi akatoa ufunguo wa duka, ambao hajawahi kumpa mtu.

"Jumanne naenda kwa nesi. Fungua wewe."

"Nikikosea je?"

"Utakosea. Afadhali nitakuwa sipo!"

Wakacheka hadi mama wa mbele akageuka kuwatazama.