Maganda ya Waya

"Nyigu, hapa makao makuu. Unanisikia?"

"Sema."

"Saa nne kamili Mzee anampigia shahidi, amwambie gari litamsubiri mlango gani. Wauza silaha wameingilia laini hiyo. Mzee kazima simu zake mpaka muda huo, hatumpati."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Sita."

Nyigu akakata simu. Shahidi huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Miezi mitatu hajamtia machoni, na hao mbwa walishaapa kumzika.

Akashuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha nyaya, chini ya jengo la simu.

Ukuta mzima ni nyaya. Maelfu, jozi kwa jozi, kila waya umebanwa kwenye mwanya wake. Mbele yake fundi mmoja, ovaroli mpya, anachekelea mpaka magego yanaonekana.

"Karibu, dada. Umepotea?"

"Nakagua. Endelea na kazi, fundi."

Macho yake yakatua sakafuni. Maganda ya plastiki, ya bluu na meupe.

Lo! Fundi gani huyu? Nyigu aliifanya kazi hii miaka minne kabla ya kushika bastola. Humu hakuna anayemenya waya. Unaulaza kwenye mwanya, unaugonga kwa kigongeo, meno ya chuma yanaikata plastiki yenyewe. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo.

"Kisu cha nini, fundi?"

Kicheko kikakatika. Mkono ukaruka kiunoni. Glock!

Nyigu alishamfikia. Kigongeo alichokinyakua ukutani kikatua kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka, goti likamwingia jamaa tumboni.

"Utakufa, mwanamke wewe!"

"Panga foleni."

Akamfunga kwa waya wake mwenyewe. Kisha akazisaka nyaya mbili zilizomenywa, akazing'oa.

Saa nne kasoro sekunde kumi.

Akabana simu ya majaribio kwenye laini, ahakikishe ni safi. Ikaita.

"Haloo?"

Mdogo wake. Sauti imekauka, maskini.

"Mlango wa nyuma," Mzee akasema.

"Sawa. Dada hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Mwongo mkubwa! Sheria ya kuwalinda mashahidi ilimkataza Nyigu hata salamu. Akaumia moyo, akauma mdomo, akabandua simu.

Akapiga makao makuu.

"Laini safi. Waya wao unapanda ghorofa ya tatu, wafuateni huko. Na hapa chini kuna takataka, mje mzoe."

"Na wewe je?"

"Mimi niko kazini."

Akamruka jamaa pale sakafuni, akapanda ngazi bila haraka, machozi yakimtiririka. Hakuyafuta.