Fyuzi Iliyokataa Kukaa

Fyuzi ilikatika kabla gari halijawashwa. Hilo peke yake lingetosha kumfukuza mtu mwenye akili zake, lakini Kitavi alikuwa fundi, na fundi akiona kitu asichokielewa hukimbilia bisibisi.

Gereji yake ilikuwa Kinoo, kando ya Waiyaki Way, na kazi yake ilikuwa kufunga muziki mzito kwenye magari. Alikuwa mwangalifu sana. Kwenye gari la mteja wake Were alikuwa amevuta waya mnene wa shaba kutoka kwa betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, akakwangua rangi ya bodi hadi chuma kikang'aa ndipo akafunga waya wa ardhi. Kasoro ilikuwa amplifaya tu, kile kisanduku cha kukuza sauti. Hiyo Were aliinunua mwenyewe huko town, kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, na hakujisumbua kuuliza ilitolewa gari gani.

Kitavi akaweka fyuzi nyingine. Ikakatika. Akaweka nyingine tena, nayo ikaenda vilevile. Akaigeuza mkononi. Haikuwa imeungua hata kidogo. Kile kiutepe cha ndani kilikuwa kimeumwa, kina alama ndogo za meno, na chini ya boneti palinuka maziwa yaliyomwagikia jiko.

"Mzee, hii kitu si poa," alisema kwa sauti ya chini. "Irudishe tu."

Were kurudisha kitu? Thubutu. Jumapili ile kulikuwa na mkutano wa injili mtaani kwao Woodley, na binti yake Mercyline, wa darasa la nne, ndiye angeimba kupitia spika za gari hilo. Mtoto huyo, jamani, alijaliwa sauti. Alijaliwa mdomo pia. Aliongea tangu kuamka mpaka usingizi umkatize katikati ya swali. Babake alimpenda kupita kiasi na alitaka Woodley nzima imsikie.

"Toa hiyo fyuzi. Unganisha dairekti."

"Waya ikipata moto hakuna kitu itaizuia. Gari itaungua."

"Kila mtu anapiga dairekti. Wewe ni fundi ama ni mhubiri?"

Hapo ndipo Kitavi alipaswa kukataa, na hakukataa. Hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mteja, ujinga wa mafundi huo. Akaondoa fyuzi, akaunganisha waya moja kwa moja. Amplifaya ikawaka. Mercyline, aliyekuwa amekuja na babake, akapewa maiki ajaribu, akaimba ubeti mmoja, na wapita njia wakasimama kusikiliza.

Kesho yake Mercyline aliamka sauti inakwaruza. Jumapili ilipofika alikuwa anafungua mdomo na hakitoki kitu, hata kilio. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni safi.

Nanjala, mamake, ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa anaanika nguo mchana, jua likiwaka, gari limezimwa na ufunguo uko mezani ndani ya nyumba, mara spika zikaanza kuvuma taratibu, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjia puani, akageuka akidhani ni jirani ameacha sufuria jikoni, lakini harufu ilitoka garini, na nyuma ya harufu, kutoka nyuma kabisa ya viti ambako hapakuwa na mtu, kikatoka kisauti alichokijua tangu siku ile kilipolia mara ya kwanza kifuani pake.

"Mama, huku ni giza. Nani amenifungia?"

Nguo zilimwanguka mikononi. Dirishani, Mercyline alikuwa amesimama akimtazama, mdomo umefungwa.

Were alimpigia Kitavi, na Kitavi akaja na shangazi yake, Kavutha, ambaye watu humwendea kwa shida za namna hii na Jumapili wakakaa naye benchi moja kanisani kana kwamba hawamjui. Mama huyo aliweka kiganja juu ya amplifaya, akakiondoa haraka.

"Ni jini," alisema, karibu ananong'ona. "Linakula sauti. Lilikuwa limelala humu na njaa yake, linaitafuta betri, na kila likinyoosha mkono fyuzi inalikatia njia. Nyinyi mkalifungulia."

"Litoe, mama. Tafadhali," Were akaomba.

"Kulitoa naweza. Toeni huo waya kwa betri, mimi nitafanya yangu, na litaenda. Lakini litaenda na kile limekula."

"Na tukiliacha?" Nanjala aliuliza.

Kavutha akamtazama mpwa wake. Kitavi alikuwa ameugusa waya na sasa anapuliza vidole.

"Plastiki imeanza kulainika," alisema. "Itashika moto. Leo, mwezi ujao, sijui."

Were alichukua spana. Akaishikisha kwenye nati ya betri.

"Baba," spika zikasema polepole, "usinizime."

Nanjala akamng'ang'ania mkono kwa nguvu zake zote, na Were, ambaye hakuwahi kulia mbele ya watu, aliiachia spana ikaanguka, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kavutha aliondoka na Kitavi, na hawakuitwa tena.

Gari bado liko pale. Haliendi popote. Were huichaji betri kila asubuhi kabla ya kazi na hunusa waya, na kila asubuhi harufu ya plastiki imezidi kidogo. Nanjala siku hizi anachambulia sukuma wiki humo ndani, kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea spika, akijibu maswali na kucheka. Jana Mercyline alikuja akasimama mlangoni mwa gari. Akamvuta mamake gauni, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hebu ngoja," Nanjala alisema bila kugeuka. "Naongea na mtoto wangu."